Ukungu, Aina Mbili

Asubuhi Tukuyu haina haraka.
Mlima Rungwe umejifunika hadi kidevuni
nami nafungua kufuli kwa vidole viwili,
vingine bado vimelala mfukoni.

Chumba ni kimoja na nusu.
Ile nusu zamani ilikuwa ghala la chama cha msingi;
siku za joto, ambazo ni chache,
rafu ya Historia hunuka chumvichumvi.

Lugha yetu tajiri, hapa imefanya ubahili:
ukungu ni ule unaoteremka toka msituni,
ukungu ni ule unaoota mgongoni mwa kitabu.
Neno moja,
na mimi katikati yake na kitambaa kikavu.

Mwezi wa nne mvua hainyeshi, inahamia.
Jua likichungulia, hata la robo saa,
naanika vitabu kwenye benchi la nje kama dagaa,
nakaa na fimbo:
kuku wa Mama Atuganile hawajui kusoma
ila gundi yangu ya uji wa ngano wanaijua sana.

Mimi ni msaidizi. Msaidizi wa nani, sijaonyeshwa.
Mkutubi alihamishiwa Mbeya mwaka juzi,
akaacha miwani yake na kalenda.

Saa nne, Bwana Mwangonela, karani mstaafu wa posta.
Gazeti huanzia nyuma: tanzia, kisha mpira.
Nikimwomba radhi kwamba ni la juzi
hunijibu bila kuinua uso,
"Habari ni ndizi. Huivia njiani."

Saa tisa, wa sekondari, soksi zimelowa.
"Dada, kuna kitabu cha majibu?"
"Majibu ya nini, Lusekelo?"
"Yote."
Nikampa kamusi. Alikaa nayo hadi taa ikakatika.

Alhamisi alikuja msichana wa mabuti ya mvua,
ametembea toka Masebe,
kifuani mfuko wa sukari uliofungwa kwa kamba ya mgomba.
Ndani, kitabu cha ufugaji nyuki.
"Cha bibi. Tulimzika Jumamosi.
Kilikuwa chini ya mto."

Muhuri wa mwisho: 14 AGO 2003.
Shilingi hamsini kwa siku.
Nilizidisha mara moja, nikazidisha tena,
nikaifuta hesabu kwa kiwiko.

Pembeni mwa kurasa, kwa penseli,
bibi amemjibu mwandishi:
*Si kweli, huku kwetu baridi.*
*Mzinga wa pili, debe moja.*
*Mwaka huu hawakurudi.*
Ukutani, juu ya kichwa changu, tangazo:
USIANDIKE NDANI YA KITABU.
Nimeliandika mimi.

Nikakipeleka puani.
Moshi wa jikoni, nta, mafuta ya nywele.
Nikakipekua hadi jalada la nyuma
nikitafuta yale madoa ya kijani
ninayoyajua kama kovu langu la chanjo.
Hakuna.
Vitabu mia nane na kumi na viwili nimevifuta wiki hii,
na kikavu pekee
ni kile ambacho hakikurudishwa.

Daftari la mwaka ule lilikuwa stoo.
Jina lipo: Subilaga,
hati ya mtu anayekandamiza kalamu.
Safu ya "Kimerudi" tupu, miaka ishirini na moja.
Nikajaza tarehe.
Kwenye "Hali ya kitabu" nikaandika: kikavu.

Msichana alikuwa bado mlangoni,
maji yakitengeneza kidimbwi chini ya mabuti.
"Mizinga ipo?"
"Mitatu."
Nikavuta pedi ya wino.
Nikamgongea wiki mbili, kama kanuni inavyotaka.
Akasema, "Ndaga,"
wala hakuna kati yetu aliyeitazama tarehe.