Chumba cha Vidonda, Alhamisi

Mbukwa, anasema, kabla mlango haujafunguka wote,
na harufu inawahi kuitikia.
Mwezi wa tano sasa, kila Alhamisi, saa mbili,
Bi Nyemo Chedego wa Hombolo,
mguu wa kulia juu ya kigoda,
kanga imekunjwa mpaka gotini.

Sajilo, glovu ziache kwanza.
Kidonda hakianzii kwenye kidonda.
Kinaanzia pale alipokaa: amekaaje,
kaja na nani, jana alikula nini.
Muulize alichopaka, na usicheke.
Unga wa kapsuli, ile ya rangi mbili.
Majivu ya betri.
Majani ambayo mama mkwe wake alizikwa na jina lake.
Ukicheka, wiki ijayo atakuficha.

Haya, nawa. Vaa. Rula.
Urefu. Upana. Usiniambie bado.
Kina: kijiti cha pamba kisafi, kishushe polepole
kama mtu anayepima maji ya mtungi gizani.
Kikigota kwenye kigumu, ko,
hilo si jiwe la shambani kwake, ni mfupa.
Usishtuke usoni. Andika.

Tandiko lina rangi gani?
Nyekundu ni nyama inayorudi,
chembechembe, kama mtama uliolowekwa.
Njano ni utando, tutaukwangua.
Nyeusi imekufa, na maiti hailazwi na wazima.
Leo robo ni njano. Andika robo.
Usiandike "anaendelea vizuri",
vizuri haina sentimita.

Sasa vidole viwili, hapa, mgongoni mwa mguu.
Subiri.
Subiri tena.
Upo? Hafifu, kama mgeni anayepiga hodi kwa haya.
Basi damu inafika. Sukari nayo imeshuka,
nimeona daftari lake, mwandiko wa mjukuu.

Wanaliita donda ndugu.
Miaka kumi na tisa chumba hiki
na bado sijui nani alilipa jina hilo, lakini alijua.
Linakula nawe. Linaamua utalala lini.
Bi Nyemo hulitaja kama mtu wa nyumbani:
"Leo kaamka na kisirani."

Nikuambie aibu yangu.
Wiki kumi na saba, sentimita nne.
Maji ya chumvi, shashi, asali, bandeji, nne.
Nikabadilisha dawa: nne.
Nilikuwa nakodolea chungu, kuni sizitazami.
Siku hiyo upepo ulibamiza dirisha,
vumbi likajaa, nikainama kusogeza vitu vyake,
mkono ukaingia kwenye katambuga yake ya tairi.
Chini ya kidole gumba, ncha ya msumari.
Wa fundi viatu. Haukuwa na kutu.
Uling'aa, Sajilo.
Uling'aa kwa kusuguliwa na nyama ya mtu.

"Mama, huu haukuumi?"
Akatazama mguu wake kama jirani mliyegombana.
"Huo mguu uliacha kunisemesha
tangu mwaka ule zabibu ziliungua na jua."
Na mimi sikuwahi kumuuliza.
Nilikuwa nauliza kidonda.

Nikaung'oa kwa koleo ya kushikia shashi.
Tukakata godoro kuukuu la wodini,
tukatoboa tundu pale panapouma pasipouma,
tukamshonea ndani ya kiatu kipana cha mwanawe.
Akacheka: mimi na viatu vya kiume, Hombolo nzima itasema.
Itasema.

Haya, nipe namba.
Tatu na nusu?
Pima tena, toka kona hii.
Tatu na nusu.

"Nusu ya nini?" anauliza Bi Nyemo.
Namwekea rula mkononi, namwonyesha kwa kucha.
Anaitazama muda mrefu,
mwanamke aliyezoea kuhesabu zabibu kwa kreti,
kisha anaufunika ule upenyo kwa kidole,
kama mtu anayezuia kitu kisiruke.

Picha ya mfupa ni Jumatatu.
Andika na hilo.