Sufuri Arobaini na Saba

Tulimpa namba kwanza, jina tukalifungia kabatini.
Sufuri arobaini na saba: Saturnina Changaray,
mfinyanzi, miaka hamsini na nane,
katoka ng'ambo ya mto Parapeti kwa lori la mahindi,
kashuka hospitali ya mkoa kabla ya jua,
viatu mkononi, asivichakaze.

Nikamsomea fomu ya ridhaa, kurasa tisa,
kwa Kihispania, kisha kwa Kiguarani changu cha kuokoteza.
Nilipofika "una haki ya kujitoa wakati wowote"
akauliza: "Na mdudu naye, kasomewa?"

Fomu haina nafasi ya kuandika cheko.

Kikulacho ki nguoni mwako, husemwa.
Chake kilikuwa ukutani,
katika nyufa za udongo alioukandika mwenyewe:
vinchuka, mdudu wa usiku,
hushuka polepole, humbusu aliyelala,
akishiba huacha kinyesi,
na ndani ya kinyesi mgeni asiyebisha hodi.
Mgeni huyo hupanga moyoni miaka thelathini.
Halipi kodi. Anatafuna nguzo.

Mirija minne kila ziara,
kifuniko chekundu, zambarau, zambarau, kijani.
"Unanikamua kama mbuzi," alisema,
"na mbuzi angalau hupewa chumvi."
Nikampa nauli na mkate wa jibini, kadiri ya bajeti.
Akaniita Binti wa Chupa.

Asubuhi kidonge, jioni kidonge, siku sitini.
Nusu yao walimeza dawa,
nusu walimeza wanga ulioigiza dawa,
rangi ile ile, uchungu ule ule.
Mimi sikujua. Daktari Urquidi hakujua.
Iliyojua ni bahasha, imepigwa lakiri,
katika kasha la chuma mji wa mbali.

Usiku mmoja umeme ukakatika;
jenereta ikakohoa mara mbili, ikakataa.
Mimi na Fermín mlinzi tukabeba masanduku ya damu
hadi kiwanda cha barafu,
tukalaza watu mia mbili kando ya samaki.
"Hawa wana majina?" mwenye kiwanda aliuliza.
"Wana namba."
"Basi watengeni. Samaki wangu hawana."

Mwezi wa kumi na nne, sufuri kumi na tisa hakuja.
Nilimfuata kwa pikipiki, nikamkuta mkewe anakunja kamba.
Alikuwa akifunga ndama, akaniambia,
akakaa chini
kama mtu aliyekumbuka jambo.
Katika daftari letu kuna safu iitwayo Tukio.
Nikaandika: moja.
Safu ile ni nyembamba, haibebi hata ndama.

Mwaka wa tatu bahasha ikafunguliwa.
Saturnina akaketi mbele yangu, viatu mkononi.
"Wanga," nilimwambia.
"Lakini nilipata usingizi."
"Ndiyo, mama."
"Na miguu ikapungua uvimbe."
"Ndiyo."
Akahesabu kwa vidole, akachoka, akaviacha mezani.
"Vidonge mia na ishirini. Binti wa Chupa,
ule ndio mkate ghali kuliko yote niliyokula."

Nilitarajia machozi, nilikuwa na kitambaa tayari.
Yeye akauliza waliomeza ya kweli wako hai wangapi.
Nikamwambia.
Akatikisa kichwa taratibu, kama anayepima udongo
kujua utakubali kuwa chungu au utapasuka.

Nikatoa boksi lake, ukurasa wa saba ulimwahidi.
Nikasema kweli: kwa moyo wake dawa imechelewa, si sana, lakini imechelewa;
kwa binti yake Rufina, pengine bado.
Hakuligusa.
"Rufina yuko nje, kwenye lori. Anaogopa sindano."

Kisha akakunja mkono wa blauzi hadi begani,
akaulaza mkono mezani, mishipa juu,
wenye udongo wa jana katika mikunjo ya kiwiko.
"Mwite aone. Kamua."

Nikamwambia utafiti umekwisha.
Hakuuondoa mkono.