Nusu Lita

Ilibidi tungoje upepo ulale.
Mti ukitikisika, leza huona matawi mawili palipo na moja,
nasi hatukuja Kainuu kuhesabu vivuli.
Theluji ya Aprili ilikuwa ngumu kama sahani.
Tauno alisimika matufe meupe sita kuuzunguka msonobari,
akiyapangusa kwa mkono wa sweta
kama anayepanga vikombe kabla mgeni hajaketi.

Miaka arobaini amepima kwa rula ya mbao yenye taya mbili,
mita moja na sentimita thelathini kutoka ardhini,
pale kifua cha mtu kinapokutana na kifua cha mti.
"Na hiki kidude cha miguu mitatu," akauliza,
"kinajua kubisha hodi?"
Nikamwambia kinapiga nukta milioni kwa sekunde.
"Haya," akasema. "Hata mvua hupiga."

Tuliihamisha mashine mara saba.
Kila ilipozunguka tulijibanza nyuma ya jabali,
maana ikikuona inakuchora.
Mara ya tano nilikuwa peke yangu pale nyuma.
Sikuuliza.

Usiku, Joensuu, niliufungua mti kwenye skrini:
gome, vifundo, ncha,
vumbi lililokatazwa kuanguka.
Programu ikaujaza mapipa madogo madogo, shina hadi kijiti,
ikatoa jumla: lita mia tisa na sita.
Nyingi mno.
Nikauzungusha.
Upande wa kaskazini, chini kabisa,
tawi nene lililoota bila kujali jua.
Lilikuwa na goti.

Nilicheka hadi paka akatoka chumbani. Nikapiga simu.
"Tauno, wewe ni lita sabini na moja za mbao."
Kimya. Kisha:
"Daraja la ngapi?"

Kazi ni kazi. Nikafuta buti, nikafuta goti,
nikafuta kofia ya sufu na mgongo ulioanza kupinda,
nukta kwa nukta, kama anayechagua mchele.
Mkono ndio ulionishinda.
Aliuweka juu ya gome, mita moja na thelathini kamili,
wala hakuwa na rula.
Nikavuta karibu. Karibu zaidi.
Vidole vimezama kwenye mifereji ya gome,
na hakuna nukta hata moja iliyokuwa tayari kusema
mimi ni wa huyu, mimi ni wa yule.

Ripoti inasema: msonobari namba kumi na nne,
lita mia nane thelathini na tano na nusu.

Hiyo nusu msiniulize.