Dhambi Bubu

Kiti changu kiko nyuma ya pazia la kushoto,
kati ya ndoo ya mchanga na swichi ya taa.
Hakuna anayekata tiketi kuja kunitazama.
Mwigizaji akipotewa na neno, namnong'onezea,
kama unavyomrudishia mtoto kofia iliyopeperuka.
Miaka thelathini na mmoja, ukumbi huuhuu wa Wolderzijl.

Mwaka huu tunaigiza ya 1731:
wanaume wa kijiji hiki, na wavulana,
waliokamatwa kwa sababu mmoja alibanwa vidole
akamtaja mwenzake,
mwenzake akamtaja binamu,
na binamu, kwa uchungu, akamtaja hata asiyemjua.
Dhambi bubu, ndivyo walivyoiita,
dhambi isiyopaswa kupita mdomoni.
Kijiji kizima midomo haikuwa na kazi nyingine.

Wiebe ndiye hakimu. Mchana ni daktari wa meno,
anajua namna ya kumwambia mtu, "Fungua kinywa."
Watazamaji wanasahau kukohoa
akianza kusoma hesabu ya gharama:
mapipa ya lami, sita;
kamba, mpya;
bia ya mnyongaji na wasaidizi wake.
Kila senti ina risiti.

Tjaakje, aliyeuandika mchezo, alizama katika nyaraka
majira mawili ya baridi, akarudi na uso wa kijivu.
Maungamo aliyaona. Saini za msalaba aliziona.
Waliyoyasema wenyewe usiku wa mwisho,
hata nusu mstari, hakuna.
Basi ukurasa wa arobaini na tatu akauacha mtupu.
"Hapa wanyamaze. Sitawatia maneno kinywani,
walitiwa ya kutosha."

Dakika nne. Wanaume saba wameketi juu ya nyasi kavu,
nami sina la kunong'ona.

Usiku wa kwanza nilihesabu matone ya mvua kwenye bati.
Usiku wa pili nilimkumbuka kaka yangu Onno:
mwaka sitini na mbili, begi moja,
treni ya alfajiri,
na baba mezani akisema, pitisheni viazi.
Hakuna aliyemfukuza. Hilo nimejiambia maisha yangu yote.
Hakuna aliyemfukuza,
hatukumtaja tu.

Usiku wa tatu Jelte, kijana wa kiwanda cha jibini,
anayemwigiza mvulana wa miaka kumi na minne,
aliinua kichwa katikati ya kimya kile:
"Nina kiu."

Kidole changu kilishuka ukurasani. Mtupu.
Wenzake walitazamana.
Kisha Hindrik, mkubwa wao, akajivuta kwa magoti,
akakinga viganja viwili visivyo na kitu
mbele ya kinywa cha kijana,
naye akanywa.
Safu ya nne mtu alitoka nje, akauacha mlango wazi,
baridi ikaingia hadi kwangu.

Tjaakje alikasirika. Alisema maneno hayo yana mwenyewe,
yuko msalabani, tusimwombe kwa mkopo.
Jelte alikuna shingo. "Lakini nilikuwa na kiu kweli."
Nilipobaki peke yangu nilichukua penseli,
nikayaandika ukurasani, madogo,
ya kufutika.

Usiku wa mwisho aliketi kimya kama alivyoagizwa.
Dakika ya kwanza. Ya pili.
Nililiona koo lake likipanda na kushuka.
Mimi ni mwanamke wa kufuata mswada;
muulize yeyote.
Dakika ya tatu niliinama nje ya kiti,
nikafungua mdomo kumpa mstari wake,
kwa sauti iliyozidi, nadhani safu ya pili walisikia,
na si mstari wake uliotoka.

"Onno," nilisema.

Jelte akageukia upande wangu, gizani,
kama mtu aliyeitwa.