Sufuria

Miaka ishirini na sita niligonga muhuri
maktaba ya mkoa, meza ya pili kutoka mlangoni.
Tarehe ya kuazima, tarehe ya kurudisha.
Kati ya muhuri na muhuri, nilisoma.
Sijapita Korogwe maishani mwangu,
lakini niulize Wajapani wanavyokunja miguu kabla ya chai,
niulize watu wa theluji humzikaje maiti
ardhi ikishakuwa jiwe.
Wanafunzi wakaniita Bi Dunia. Nikaitika.

Nyumbani Ngamiani, barabara ya kumi na mbili,
kuta zetu ziliegemeana, mimi na Vrajlali fundi saa.
Alfajiri, kengele yake ndogo ya sala.
Jioni, Kantaben anakaanga bizari, napiga chafya mimi.
Tulipeana chumvi, kibiriti, habari za maji kukatika.
Na nilimsoma pia:
rafu ya mia mbili tisini na nne, jalada la bluu lililoonjwa na mende,
ukurasa wa arobaini na moja.
Hawali nyama. Matanga yao siku kumi na tatu.
Nikapigia mstari kwa penseli,
mimi, niliyewafukuza watoto kwa penseli.

Vrajlali akafa Jumanne,
saa za watu zimejaa ukutani, kila moja na wakati wake.
Mikono yangu haikuuliza kitabu.
Mikono yangu ilikuwa imemsoma mama yangu tu:
msibani huendi mitupu.
Nikachinjisha jogoo, nikapika pilau,
nikavuka na sufuria kichwani,
nikalia mlangoni kilio cha kwetu, cha sauti.

Kantaben, nguo nyeupe tupu, akaipokea kwa mikono miwili.
Mvuke ukampanda usoni.
Niliona pua yake ikijua kabla yake,
na ndipo ukurasa wa arobaini na moja ukanifunguka,
umechelewa, una faini.
Nikafumbua mdomo. Akaniwahi:
"Mwanatumu, umenijia."

Dirishani kwangu nikachungulia:
sufuria iko barazani, watoto wa fundi baiskeli wameizunguka,
naye kasimama mbali kidogo, upande usio na upepo,
anahakikisha mdogo wao amepata paja.

Siku ya kumi na nne
(nilihesabu; hapo kitabu hakikukosea)
sufuria ikarudi, imesuguliwa kwa majivu
mpaka ikanionyesha uso wangu.
Ndani, dengu na donge la sukari guru.
"Chombo hakirudi kitupu," akasema,
kwa Kiswahili cha Tanga kuliko changu.

Nikamuuliza kasoma wapi hilo.
Akacheka, mara ya kwanza tangu Jumanne ile.
"Nisome wapi? Mama yako ndiye aliyenirudishia bakuli langu la kwanza,
nina mwezi mmoja tu tangu niolewe.
Lilikuwa na ndimu nne.
Nikasema, chakula changu kimemchukiza, ananilipa tusidaiane.
Nililia usiku kucha, Mwanatumu.
Mabakuli mangapi mpaka nikaelewa!"

Kesho yake kazini nikakishusha kile cha bluu,
nikachonga penseli,
nikafungua arobaini na moja.
Ndimu nne. Bi harusi mgeni analia gizani,
mama yangu ng'ambo ya ukuta amelala, ameridhika
kwamba amefanya lililo sawa.
Pambizo lilikuwa jembamba kama ukucha.

Nikapuliza vumbi.
Nikakirudisha rafuni, penseli nimeibana sikioni,
na yule kijana aliyekuwa akisubiri
akaniuliza tena, Bi Dunia,
kitabu cha Wahindi kiko wapi.