Taka za Agosti

Aprili wanakuja kwa mabasi kutoka Nagoya,
wanapigana picha chini ya mipichi ya mapambo:
mti mmoja, maua meupe, mekundu na ya waridi,
kama bibi harusi aliyeshindwa kuchagua gauni.
Agosti haji mtu.
Agosti naja mimi, na ufagio, na toroli,
kwa sababu ua, hata likiambiwa kazi yake ni urembo tu,
likipukutika huacha neno nyuma.

Neno lenyewe dogo: pichi la ukubwa wa yai la kware,
manyoya yake yanawasha shingo,
gumu, chungu, limetobolewa na wadudu upande mmoja.
Ofisi ya kata imeandika katika karatasi yangu:
*Taka. Zifike kwenye tanuri kabla ya saa nne.*

Nyumba ya mwisho, kwenye kona ya daraja,
nikamkuta Bibi Kinuyo amepiga magoti juu ya lami,
kofia ya marehemu mumewe kichwani,
anaokota.
"Hayo hayaliwi," nikasema.
"Nani aliyajaribu?"
Akaendelea kujaza aproni.

Miaka kumi na mmoja nafagia.
Sijawahi hata kulamba kidole.

Mwaka wa kwanza alichemsha tu, akatia sukari, akaniita.
Nikameza kwa adabu. Ulimi ukajikunja
kama jani lililoonja moto.
Alinitazama usoni, akacheka mpaka akashika nguzo:
"Bwana Hirabayashi, uongo wako hauna chumvi!"
Sufuria nzima ikaenda mtaroni.

Mwaka wa pili alikuwa amejua.
Anasugua kwa chumvi ya mawe mpaka manyoya yatoke,
anachemsha, anamwaga maji,
anachemsha, anamwaga tena:
uchungu ni mgeni, siku ya tatu mpe jembe.
Kokwa havunji. "Ndani mna sumu. Iache ilale."
Kisha sukari ya kahawia, tangawizi,
siki ya mchele kijiko kimoja,
moto mdogo, na besiboli redioni
mpaka mtu wa mwisho atolewe uwanjani.

Jamu ikawa nyekundu.
Sijui wekundu ule ulitoka wapi,
nyama ya tunda ilikuwa ya kijani.
Yeye alisema ni maua, yamerudi.
Mimi nadhani ni maganda.

Tulikula juu ya wali wa baridi, tumesimama,
kiti cha pili kilikuwa kimejaa chupa.
Kwanza ukali, halafu utamu,
halafu kitu kama lozi, kwa mbali,
halafu hatukusema.

"Ndiye aliyeipanda," akasema baadaye. "Miti mia mbili na sita,
baada ya viwavi wetu wa hariri kukosa soko.
Alikufa Machi. Wiki ya tatu ikachanua,
watu wakaja kupiga picha."
Akakaza kifuniko
kuliko chupa ilivyohitaji.

Kesho yake nikafagia toka hekaluni hadi darajani.
Mbele ya lango lake ufagio ulipita juu juu,
kama macho juu ya barua isiyo yako.
Kwenye karatasi ya kata nikajaza: *Barabara safi.*
*Toroli: nusu.*
Mfukoni nilikuwa na mapichi matano,
yananiwasha paja njia nzima.