Skani na Hii Pia

Ikuze kidogo, Likwena, usiikate pembe.
Ni hati ya mshahara ya mwezi wa tatu.
Ndiyo iliyotuponza.

Barua yao hiyo hapo, kurasa tisa.
Aya ya kumi na nne nimeipigia mstari:
hawajaridhika kuwa mdhamini anafikia kiwango.
Mdhamini!
Miaka sita namwita Chande,
akiniudhi namwita baba Zuhura,
juzi ndiyo nikalijua jina lake la serikali.

Anapungukiwa paundi mia nne na kumi na mbili.
Nimezigeuza, nimezipima kwa mzani wa Kitangari:
ni kama magunia matano ya korosho, daraja la kwanza,
na mimi ninayo manane ghalani.
Stakabadhi ya chama cha msingi hii hapa, ina mhuri.
Skani na hii pia.
Najua. Wakili kaandika kwamba haihesabiki,
chungu kinachochemka Newala
hakimshibishi mtu wa Lesta.
Wewe skani tu. Mia mbili yako utaipata.

Sasa shuka aya ya kumi na saba.
Hapo wanauliza kama ndoa yenyewe ni ya kweli,
kama tunaonana,
kama tunajuana.

Mwezi wa tatu, Likwena, mama alizidiwa.
Chande akaomba ruhusa kazini, wakampa bila malipo,
siku kumi na nane.
Alifika Nambunga usiku, koti la baridi mkononi,
na mama akamtambua kwa sauti.
Siku ya nne mume wangu yumo kaburini na kaka zangu,
anapokea mwili.
Humo ndimo zilimozama paundi zao.
Aya moja inamwadhibu kwa kuja,
nyingine inauliza kama huwa anakuja.

Umekatika?
Basi, nitakaa hapa hapa kwenye benchi.
Aliyekua akisubiri bomba la Makonde litoe maji
hafundishwi kungoja.
Zuhura, acha kuchezea stepla ya watu.
Siku za rufaa zimebaki tano, na mbili ni za wikendi,
sijui kama huko nako wikendi zinahesabiwa.

Haya, umerudi. Imebaki picha hii.
Kakaa kando ya mchanga mbichi,
suruali ya safari ina udongo mwekundu mpaka magotini,
anatazama pembeni, kama mtu aliyeitwa na asiyejua na nani.
Haina namba. Haina mhuri.
Tarehe imefichwa na kidole cha mpigaji, mjomba Nalyoto,
hajawahi kupiga picha bila kidole chake.

Unauliza faili uliite nini?
Andika: ushahidi wa mapato.
Andika hivyo hivyo, Likwena.
Ukurasa wa sitini na tatu.